Barua kwa mwanangu: konokono jike na rangi ya meli

Mwanangu,

Umeniuliza imekuwaje sumu iliyomo kwenye rangi ya vyombo, kidogo kiasi cha kutoua hata samaki, ikafuta konokono kwenye miamba ya Uingereza. Haikuanza kwa kuwaua. Iliwaziba wasizae.

Sumu hiyo ni tributilitini, TBT kwa kifupi. Ilitiwa katika rangi ya sehemu ya chombo inayokaa majini ili mwani na viumbe wengine wasigande. Konokono aliyeumia zaidi ni Nucella lapillus. Mwaka 1970 majike wa Plymouth Sound, ghuba ya kusini-magharibi mwa Uingereza, walionekana wana uume nyuma ya pembe ya kulia, pale pale unapoota wa dume. Hali hiyo huitwa imposeksi, na ilichukua zaidi ya miaka kumi kuihusisha na rangi. Nanogramu 1 tu kwa lita hutosha kuianzisha. Piga hesabu: ni gramu moja katika maji ya mabwawa 400 ya kuogelea ya Olimpiki.

Ndani ya seli kuna kipokezi kiitwacho RXR, na TBT hukiingia kama ufunguo wa bandia. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliwadunga konokono jike asidi ya retinoiki, ufunguo halali wa kipokezi hicho, wakaota uume bila TBT yoyote. Zamani ilisemwa kwamba ni testosteroni inayopanda. Mimi naona maelezo ya RXR yana nguvu zaidi.

Lakini uume wenyewe haumzuii kutaga. Hatari ni mrija wa manii unaokua pamoja nao. Ngazi zake ni 0 hadi 6. Ngazi ya 4 jike ana uume na mrija kamili, na bado anataga. Ngazi ya 5 nyama ya mrija imefunika tundu la kutagia. Ngazi ya 6 vifuko vya mayai vimekwama ndani vikawa donge jeusi, na wengi hufa hivyo. Tena huyu konokono hana watoto wanaoelea na mkondo: vifuko hugandishwa mwambani, na watoto hutoka wakitambaa. Mwamba ukishakosa majike wazima, hakuna mbegu ya kuletwa na maji kutoka mbali.

Ufaransa ilizuia rangi hiyo kwa vyombo vya chini ya mita 25 mwaka 1982, chaza wa Arcachon walipokosa watoto na kuota makombe manene mno. Uingereza ilifuata 1987. Mkataba wa dunia ulipitishwa 2001, ukaanza kutumika Septemba 2008.

Ukitaka kupima imposeksi mwenyewe, jamaa za konokono huyo, wa ukoo wa Muricidae, wapo pia kwenye miamba ya pwani yetu. Maji yakipwa, okota wakubwa wapatao 30 wa aina moja. Walegeze katika maji yenye magnesiamu kloridi asilimia 7, kisha pasua kombe taratibu kwa jiliwa. Kosa la kawaida ni kutambua dume kwa uume. Ukifanya hivyo, majike wote walioathirika utawahesabu madume. Tafuta tezi ya vifuko: mwenye nayo ni jike. Mwenye vimelea mtupe, maana vimelea hunyausha uume. Chukua wastani wa urefu wa uume wa majike, ukiwamo sifuri wa wasio nao, uupandishe kipeo cha tatu, ugawe kwa kipeo cha tatu cha wastani wa madume, uzidishe kwa 100. Majike milimita 2, madume milimita 4: 8 kwa 64, yaani uume wa majike ni asilimia 12.5 ya ukubwa wa ule wa madume.

Na ukikwangua chombo cha zamani, tandika turubai kwanza, lowesha rangi, usipige msasa mkavu, na ukusanye magamba yote kabla maji hayajajaa. Majini TBT huoza kwa siku au wiki. Gamba likizama topeni, hukaa miaka likivuja.

Baba yako