Msiwafanye shangazi watishe

Umeuliza kama mkiirudisha Arsenic and Old Lace jukwaani wale shangazi wawili waigizwe kwa kutisha. Hapana, tafadhali! Tamthilia hiyo ya Joseph Kesselring, iliyoanza Broadway mwaka 1941, inachekesha kwa sababu vikongwe wale wanaamini kwa moyo safi kwamba wanawasaidia wazee wapweke wanapowanywesha mvinyo wenye sumu. Abby, mmoja wa shangazi hao, anapomimina, mkono usitetemeke wala asiwakonyeze watazamaji. Amkaribishe mgeni vilevile anavyomkaribisha mchungaji. Wa kutisha yupo tayari, Jonathan, mpwa wao muuaji; mwachieni kazi yake. Na tukio la lile sanduku la dirishani lenye maiti msiliharakishe: Mortimer, mpwa wao mwingine, aufungue mfuniko, aufunge, atulie, kisha aufungue tena. Kicheko chote kimo kwenye ukimya huo.