Maswali ya wasomaji: i7 ya kizazi cha 7 au i5 ya kizazi cha 8?

Swali: Habari za kazi. Nasoma chuo Morogoro na nimeanza kutengeneza programu za simu za Android. Duka moja la kompyuta za mtumba Kariakoo lina mashine mbili za bei moja: ThinkPad T470 yenye i7-7500U, RAM GB 8 na diski ya kuzunguka ya TB 1, na ThinkPad T480 yenye i5-8350U, RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Muuzaji anasisitiza i7. Nichukue ipi?

Jibu: Chukua T480. Hiyo 7 inayofuata herufi i huwaponza wengi. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 7500 ni kizazi cha 7, 8350 ni cha 8. Ile i7-7500U ina viini 2 tu (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), i5-8350U ina 4, na Android Studio, zana ya kutengenezea programu za Android, inapojenga programu hugawa kazi kwenye viini vyote ilivyovikuta. Isitoshe, i7 hiyo haimo kwenye orodha rasmi ya prosesa za Windows 11, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025.

Diski ya kuzunguka usiihesabu kabisa. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia kazi kwenye diski, na hapo ndipo mashine inaganda hadi kipanya kinagoma.

Na RAM itajaa. GB 8 hazitoshi Android Studio, emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) na kivinjari kwa pamoja. Tenga fedha ufike 16. T480 ina nafasi mbili za RAM ya aina ya DDR4. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance kisha Memory, usome "Slots used". Ikiwa 1 of 2, unaongeza kipande kimoja cha GB 8. Ikiwa 2 of 2, ni vipande vya 4 na 4, vyote viwili vitatoka ili uweke viwili vya GB 8. Kabla ya kufungua mfuniko, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka) uzime betri ya ndani (Disable Built-in Battery), kisha utoe na ile ya nje. Ukisahau, unashika ubao wenye umeme. Angalia pia usiuziwe T480s ukidhani ni ileile: hiyo sehemu ya RAM imechomelewa kwenye ubao, na nafasi ya kuongeza ni moja tu.

Ukiwa dukani, kabla ya kutoa pesa, washa mashine huku ukibonyeza F1. Ikikudai nenosiri la BIOS ambalo muuzaji hana, iache hapohapo, kwani kwenye ThinkPad kutoa betri ndogo ya saa hakulifuti. Chomeka chaja kwenye tundu zote mbili za USB-C. Kila moja lazima ichaji. Halafu andika `powercfg /batteryreport` kwenye Command Prompt, ufungue ripoti na kulinganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake wa sasa) kwa kila betri, maana zipo mbili. Betri ya nje ikishuka chini ya nusu, punguziwa bei. Kuibadilisha hakuhitaji hata bisibisi.

Ukifika nyumbani, hakikisha Intel Virtualization Technology, ambayo emuleta huitegemea, imewashwa kwenye BIOS, la sivyo emuleta haitafanya kazi ipasavyo. Afadhali zaidi tumia simu yako mwenyewe: kwenye mipangilio ya simu gusa Build number mara 7, washa USB debugging, uunganishe waya. RAM iliyokuwa inaliwa na emuleta inabaki kwako.

Swali: Je, T480 inafaa kwa programu za iPhone?

Jibu: Hapana. Xcode, zana ya kutengenezea programu za iPhone, hukaa kwenye macOS tu. Kwa Flutter (zana ya kuandika programu moja ya Android na iPhone) unaweza kuandika msimbo kwenye Windows, lakini kuijenga programu ya iPhone kunahitaji Mac. Ukitafuta Mac ya M1, anza na GB 16, kwa sababu RAM yake haiongezwi baadaye.