Kituo hakishiki, na nambari ni ile ile

SWALI: Natengeneza programu ya kidhibiti cha pampu ya maji hapa Ngara, Nairobi. Kwenye GDB (programu ya kutafuta hitilafu) niliweka kituo cha kusimamisha programu: `break pampu.c:48 if kiwango == 80`. Tangi linapita asilimia 80 na programu haisimami, ilhali `print kiwango` inanionyesha 80. Nimejaribu `set input-radix 10`, wapi! Mwenzangu alikuwa ametumia kompyuta hii kusoma rejesta (hifadhi ndogo za ndani ya prosesa).

JIBU: Andika `show radix` kwanza. GDB ina mipangilio miwili: msingi wa nambari unazoingiza na msingi wa nambari inazokuonyesha. Dalili zako zinaelekeza kwenye wa kwanza kuwa 16 na wa pili 10. Ndiyo maana jibu la `print` linaonekana sawa, lakini 80 uliyoiandika kwenye sharti inasomwa kama heksadesimali (msingi wa 16), yaani 128. Kiwango cha asilimia hakifiki huko kamwe. Thibitisha kwa `print 10+10`: ukipata 32, ndiyo hiyo.

Amri yako ya `set input-radix 10` haikubadili kitu kwa sababu hiyo 10 nayo ilisomwa kwa msingi wa 16, kwa hiyo uliiambia GDB ibaki pale pale. Andika `set input-radix 0xa`, au `set radix` bila nambari yoyote, ambayo hurudisha yote mawili kwenye 10. Halafu liandike sharti upya, kwa mfano `condition 1 kiwango == 80` kama kituo chako ni namba 1. Usitegemee lile la zamani lijirekebishe.

Tatizo likirudi kila ukifungua GDB, tazama faili ya `~/.gdbinit`, huenda mwenzako aliuweka mpangilio humo. `gdb -nx` hufungua bila kusoma faili hizo, kwa hiyo utajua mara moja.

Kwa maoni yangu, kompyuta inayotumiwa na watu wawili isibadilishwe msingi hata kidogo. Anayetaka heksadesimali aiombe pale pale: `print/x kiwango`, au `print/t` kwa mfumo wa jozi (0 na 1), au `x/8xb &bafa` kwa baiti nane za kumbukumbu. Sifuri ya mbele nayo iepuke: hata msingi ukiwa 10, 010 ni nane.

Ukihamia WinDbg, programu kama hiyo ya Windows, kumbuka huko msingi wa kawaida ni 16. Amri `n` peke yake hukuonyesha uliopo, na themanini ya desimali huandikwa `0n80`.