Nyaya za soketi: pete moja au matawi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala hapa Morogoro, yenye ukubwa wa takribani mita za mraba 120, na sasa tumefikia hatua ya kuchimba kuta ili kupitisha mabomba ya umeme. Fundi wa kwanza anataka soketi zote 16, zikiwamo za jikoni, ziwe kwenye ringi moja, yaani pete ya waya inayozungukia soketi zote, yenye breka ya ampia 32, kwa hoja kwamba ndivyo alivyofundishwa chuoni na kwamba tutaokoa waya. Fundi wa pili anasema kila eneo lipewe waya wake na breka yake. Nimsikilize nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako wa kwanza ameivunja hata kanuni anayoitetea. Kwa desturi ya Waingereza, ambao ndio waliotuletea ringi, pete moja ya waya wa milimita za mraba 2.5 yenye breka ya ampia 32 huhudumia eneo lisilozidi mita za mraba 100, na jikoni mara nyingi hupewa waya na breka yake peke yake. Nyumba yako ingehitaji pete mbili kwa uchache, na ule waya aliokuahidi kuuokoa ungepungua sana.

Kwa wasiofahamu tofauti, katika ringi waya hutoka kwenye breka, hupita soketi moja hadi nyingine, kisha hurudi kwenye breka ileile, hivyo kila soketi hupata umeme kutoka pande mbili. Katika tawi, ndilo analolitaka fundi wa pili, waya huishia kwenye soketi ya mwisho.

Ringi ilibuniwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wataalamu walipokuwa wakitafakari nyumba zitakazojengwa baada ya vita huku shaba ikiwa adimu. Waliona kwamba waya mwembamba ukirudishwa ulikotoka unaweza kubeba mzigo ambao usingeuweza ukiwa wa njia moja. Na kwa kuwa fyuzi kubwa ya ampia 30 iliyotumika wakati huo haikuweza kulinda waya mdogo wa taa ya mezani, waliweka fyuzi ndogo ndani ya plagi yenyewe. Hiyo ndiyo plagi ya miguu mitatu bapa, ambayo kiwango chake, BS 1363, kilitoka mwaka 1947 na ambayo tunaitumia hadi leo. Ringi na plagi hiyo ni ndugu wa tumbo moja.

Sisi tumewatenganisha ndugu hao. Ingia katika nyumba nyingi za kwetu utakuta chaja, redio na feni zenye plagi ya miguu miwili ya duara isiyo na fyuzi, ambayo huingizwa kwa kusukuma kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la ethi, yaani la waya wa usalama unaokwenda ardhini. (Wengi wetu tumelifanya hilo, nami nimo, lakini tusilifanye tena.) Kifaa cha namna hiyo kikiwa kwenye ringi, kinga ya waya wake mwembamba ni breka ya ampia 32 tu, ilhali kwenye tawi ingekuwa ya 16 au 20. Tofauti hiyo haitoshi kumlinda kikamilifu mwenye kijiti, lakini ni afadhali.

Hata hivyo, sababu yangu kubwa ya kupendelea matawi ni namna kila mfumo unavyoharibika. Waya wa moto au wa nyutro ukikatika kwenye tawi, soketi zote zilizo mbele yake huzimika, nawe utamwita fundi siku hiyohiyo. Ukikatika kwenye ringi, kila kitu huendelea kuwaka kama kawaida, ila upande mmoja sasa unaweza kubeba karibu mzigo wote chini ya breka ambayo ni kubwa kuliko uwezo wa waya. Na si lazima waya ukatike ndipo tatizo lizuke: jikoni kukiwa karibu na mwanzo wa pete, tuseme kwenye sehemu ya kumi ya urefu wake, mzigo wa ampia 30 hautagawanyika nusu kwa nusu, bali ampia 27 zitapita upande mfupi na 3 tu upande mrefu. Waya wa 2.5 uliomo katika bomba ukutani hubeba takribani ampia 24. Birika, mikrowevu, jiko la presha la umeme na mashine ya kufulia vikiwashwa kwa pamoja haviko mbali na mzigo huo.

Haki itendeke kwa ringi katika jambo moja: ethi yake nayo hufika kila soketi kwa njia mbili, wakati ethi ya tawi ikilegea, soketi za mbele huendelea kufanya kazi bila kinga na bila dalili yoyote. Kwa hiyo, ukichagua matawi, mdai fundi apime ethi kwenye kila soketi kabla hujamlipa, na uweke breka ya kuzuia kuvuja kwa umeme, ile ya miliampia 30.

Kwa nyumba yako ningepanga hivi: vyumba vya kulala tawi moja la waya wa 2.5 na breka ya ampia 20, sebule na eneo la kulia chakula tawi jingine la namna hiyo, na soketi za jikoni tawi la waya wa 4 lenye breka ya 32. Hita ya maji na jiko kubwa la umeme kila kimoja kiwe na waya wake kutoka kwenye bodi ya breka. Nyaya za matawi kadhaa zisirundikwe katika bomba moja, kwa maana hupashana joto na uwezo wake hushuka. Ikiwa hakuna njia nyingine, breka nazo ziwe za ampia ndogo zaidi. Na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji.

SWALI: Nimenunua nyumba Nakuru ambayo tayari ina ringi. Nitajuaje kama pete haijakatika? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kwa kuwasha taa na pasi hutajua. Fundi aliyesajiliwa azime swichi kuu, afungue ncha zote mbili za pete kwenye bodi, kisha apime ukinzani wa kila waya kutoka ncha hadi ncha kwa kipimo cha ukinzani mdogo. Pete ya mita 60 ya waya wa 2.5 itatoa takribani omu 0.44 kwa waya wa moto na kiasi hichohicho kwa nyutro. Namba hizo zikipishana waziwazi, kuna kiungo kilicholegea, na mita isiposoma kabisa, pete imekatika. Ikiwa mahali ilipokatika hapafikiki bila kubomoa ukuta, ncha hizo mbili zitenganishwe kabisa, kila moja ipewe breka yake ya ampia 20, nawe utakuwa na matawi mawili.