Wanaosema Dodoma haikaliki waliiona mwezi gani?

Ukimsikia mtu anaiponda Dodoma, au anaisifu kupita kiasi, muulize kwanza alifika mwezi gani. Mgeni wa Oktoba anapokewa na vumbi jekundu, mibuyu iliyobaki matawi matupu na jua linalofikisha nyuzi joto 31 mchana. Mgeni wa Februari anakuta majani yamefika kiunoni, makorongo yamepitisha maji usiku, na vilima vya mawe vimezungukwa na kijani kibichi. Hata sisi wenyeji hatukubaliani. Mtu wa Mpwapwa anaongelea milima, wa Bahi anaongelea majaruba ya mpunga, na aliyejenga juzi pembezoni mwa jiji anaongelea vumbi linaloingia hadi kabatini.

Msimamo wangu ni kwamba mkoa huu unakalika, tena kwa raha, kwa mtu anayejipanga mapema kwa maji, udongo na upepo. Wengi wanaokata tamaa ni wale waliokuja kuyafikiria hayo baada ya kuhamia, na wamekuwa wengi tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, mara nyingi unakatika kwa wiki kadhaa katikati, kisha unamalizika Aprili. Kwa mwaka mzima jiji linapata kama milimita 550 hadi 600. Bukoba inapata zaidi ya mara tatu ya hizo, kwa hiyo mtu wa huko akisema hapa hakuna cha kutazama, ujue amezoea kupima uzuri kwa migomba. Mtu wa Singida wala hashangai. Uzuri wetu ni wa mawe, anga pana na miti mikubwa inayosimama mbalimbali. Jiji liko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ndiyo sababu usiku wa Juni na Julai unataka blanketi zito. Aliyetoka Dar es Salaam kuukimbia unyevu wa Machi anaijua thamani ya usiku huo.

Anayetaka kuuona mkoa ukiwa umependeza aje kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Aprili, na atoke asubuhi kabla ya saa tatu. Kwa siku moja anaweza kupanda mlima mdogo jijini asubuhi, akamalizia jioni kwenye bwawa la Hombolo. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, inataka siku yake nzima. Barabara ya lami inakufikisha Kolo, kaskazini ya Kondoa mjini. Pale unapita kwanza kwenye ofisi ya kituo, unalipa na kupewa mwongozaji. Kutoka hapo njia ni mbovu wakati wa mvua, gari dogo litakwama, na kipande cha mwisho unapanda kwa miguu juu ya mawe. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu na viatu vyenye soli inayoshika. Na tafadhali, asikudanganye mtu kwamba ukimwagia michoro maji itaonekana vizuri kwenye picha. Maji yanaondoa rangi, na rangi ile hairudi.

Kuna dharau moja ya zamani ambayo inaniuma, kwamba Ugogo, yaani nchi hii ya Wagogo, ni nchi ya njaa kwa asili yake. Njaa inayokumbukwa zaidi na wazee, Mtunya, ilikuja mwaka 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Ardhi peke yake haikufanya hayo.

Sasa maji, maana hapa ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Jiji linategemea sana visima vya Mzakwe, na maji ya visima vya ukanda huu ni magumu. Sabuni inagoma kutoa povu, birika linajenga ukoko mweupe ndani, maharage yanachemka saa nyingi na bado yana kiini kigumu. Hayo maharage hayana kosa. Chokaa iliyo kwenye maji inakaza ganda lake, na ukiyapika kwa maji ya mvua utaona tofauti siku hiyohiyo. Birika na kichwa cha bomba la mvua bafuni viloweke kwenye siki kila mwezi, robo lita inatosha kwa birika la kawaida, kisha suuza. Ukisubiri mwaka, koili ya kuchemshia inaungua, kwa sababu ukoko unazuia joto lisipite kwenda kwenye maji.

Dawa ya kudumu ni paa lako. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipokea milimita 550 linavuna lita 55,000. Toa moja ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, zinabaki lita 44,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 8 kwa kila mmoja kwa siku kwa kunywa na kupikia ni lita 40, na kiangazi cha siku 210 kinataka lita 8,400. Maana yake matangi mawili ya lita 5,000, yakijaa mwezi wa tatu, yanakufikisha Novemba bila kununua dumu la maji ya kunywa. Maji ya bomba yabaki ya kuogea, kufulia na kudekia, na kwa hayo weka tangi la tatu la lita 2,000, maana mgao ukija familia hiyo itavuka siku sita hivi kwa lita 300 kwa siku.

Mvua ya Dodoma hainyeshi taratibu, inakuja kwa kishindo ikapita. Gata jembamba litamwaga nje nusu ya mavuno. Weka gata pana, lishuke sentimita 1 kwa kila mita 2 kuelekea kwenye tangi, na bomba la kushushia liwe la inchi 4. Mwezi Novemba panda ukafagie paa, maana limebeba vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege, na mvua ya kwanza ya msimu iache yote imwagike chini kabla hujaunganisha bomba. Mdomo wa tangi ufungwe wavu wa mbu. Koki ya kutolea iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili usivute tope. Yanayonywewa yachemshe kama kawaida. Na kumbuka kwamba lita 5,000 ni tani tano. Tangi likikaa juu ya tofali zilizopangwa tu ardhini, kitako kitazama upande mmoja, bomba litakatika kwenye kiungio, na utaamka asubuhi tangi tupu na ua umelowa.

Hapo tumeingia kwenye udongo. Sehemu kubwa ya mkoa ina udongo mwekundu wa kichanga, ambao ni mzuri kujengea, lakini mabonde yana udongo mweusi wa mbuga, na viwanja vya bei nafuu mara nyingi viko huko. Nenda ukitazame kiwanja Septemba: ukiona nyufa zinazomeza vidole, ni mbuga. Njia nyingine ni kulowesha gao la udongo, ulisokote liwe jembamba kama penseli, kisha ulikunje kuwa pete. Udongo wa kichanga utakatika, wa mbuga utakunjika bila kupasuka. Udongo huo unavimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, kila mwaka, na nyumba inapanda na kushuka nao. Nyufa za ukutani zinaanzia kwenye pembe za madirisha na kwenda kimshazari. Kupaka plasta upya ni kupoteza hela.

Ukilazimika kujenga kwenye mbuga, chimba mpaka upate tabaka gumu, jaza moramu na kuishindilia kwa tabaka za sentimita 15, weka mkanda wa zege wenye nondo chini ya kuta zote, kisha zungusha nyumba nzima kwa sakafu ya nje yenye upana wa mita moja. Sakafu hiyo ndiyo wengi wanaiacha ili kubana matumizi, na ndiyo inayozuia ardhi ya chini ya ukuta isilowe na kukauka kwa zamu. Vipimo vya nondo aamue mhandisi aliyeliona shimo, siyo fundi anayekadiria kwa simu. Ujue pia kwamba shimo la maji taka kwenye mbuga halinyonyi. Msimu wa mvua litajaa, na gari la kunyonya litakuwa mgeni wako wa mara kwa mara.

Rudi kwenye kiwanja hichohicho Januari, siku moja baada ya mvua kubwa, uone maji yalipita wapi. Korongo linalokaa miezi tisa likiwa mchanga mtupu linaweza kushuka kwa saa mbili na kubeba ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto, na mtu akikuuzia karibu zaidi ya hapo amekuuzia tatizo. Ramani ya kiwanja ihakikishe kwenye ofisi ya ardhi ya jiji, maana kazi zilizokuwa za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ziliingia kwenye halmashauri mwaka 2017 ilipovunjwa.

Upepo wa kiangazi unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Ukuta wa tofali hauzuii vumbi. Upepo unaupanda, unazunguka nyuma yake na kuliangusha mlangoni. Kinachofaa ni safu mbili za miti upande huo, ambazo zinapunguza kasi ya upepo bila kuuzuia kabisa, na kinga yake inafika kama mara kumi ya urefu wa miti. Mwarobaini unavumilia. Mkungugu ni wa kwetu, unataka uangalizi mdogo baada ya mwaka wa pili, ila miiba yake isiwe karibu na njia ya watoto. Chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande mwezi wa Oktoba, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, na panda Desemba mvua ikishalowesha ardhi. Miche mingi inayokufa Dodoma ilipandwa Machi kwenye kampeni, ikapata wiki chache za mvua, mizizi ikabaki juu. Kiangazi cha kwanza mpe kila mche lita 10 mara mbili kwa wiki, jioni, kwenye beseni la udongo. Matandazo ya nyasi kavu yasiguse shina, yanaita mchwa. Mbuzi nao hawana huruma, hivyo zungushia miiba siku ileile ya kupanda.

Nyumba yenyewe ilaze mashariki-magharibi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Chumba chenye dirisha kubwa la magharibi kitakuwa tanuri kila jioni ya Oktoba. Hewa kavu inapasua midomo na kuwatoa watoto damu puani. Mafuta ya mgando puani usiku yanasaidia. Wenye mifugo waweke zizi mbali na mlango na wanawishe watoto uso kila siku hata kama maji ni ya shida, kwa sababu ugonjwa wa vikope, ulioisumbua Kongwa kwa miaka mingi, unafuata nzi na nyuso zisizooshwa.

Kuhusu kilimo niseme kwa kifupi: asiyeachana na ndoto ya mahindi kwenye mchanga atailaumu Dodoma kila mwaka. Panda mtama, uwele au alizeti, na zabibu kama una maji ya kumwagilia. Mtama mweupe kama Macia unakomaa kabla mvua haijaisha, lakini kwelea kwelea wataumaliza ukiwa peke yako na shamba dogo, kwa hiyo panda pamoja na majirani wiki moja, muamie ndege kwa zamu.

Kwa anayesema mandhari ya kwetu ndiyo hivyo ilivyo na haibadiliki, nampeleka Kondoa. Milima ya Irangi ilikuwa imechimbika makorongo kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Wafugaji waliumia, na wapo ambao mpaka leo hawajaukubali uamuzi ule. Nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miti, na mchanga uliokuwa ukishuka mabondeni ukapungua. Ukinunua shamba upande huo, kabla hujalipa uliza kijijini mipaka ya eneo la hifadhi iko wapi, kama ng'ombe wanaruhusiwa kuchunga au ni wa kulisha zizini, na nani anatunza makingamaji, yale matuta ya kuzuia maji, yanayopita juu ya shamba lako, kwa sababu moja likipasuka mlimani usiku wa mvua, korongo jipya litaanzia kwako.