Jibu: Bakteria wa bahari kuu wanaishije bila rutuba?

Mkuu, umeuliza: kama maji maangavu ya bahari kuu hayana rutuba, wale bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua wanaishije? Swali zuri sana, na sisi wa Kigoma linatuhusu, maana Ziwa Tanganyika nalo liko hivyo: juu maji maangavu, rutuba nyingi imelala kilindini.

Chukua Prochlorococcus, mmoja wa bakteria hao, aliyegunduliwa miaka ya 1980 na kina Sallie Chisholm, mwanasayansi wa Marekani. Kipenyo chake ni kama mikromita 0.6 tu. Udogo huo unamfaa: eneo lake la nje ni kubwa ukilinganisha na ujazo wake, hivyo hunasa upesi hata fosfati (rutuba yenye fosforasi) iliyo chache mno. DNA nayo, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli, ameipunguza, kwa sababu kuijenga kunakula fosforasi na nitrojeni. Aina yake moja, iitwayo MED4, ina herufi za DNA milioni 1.66 hivi, ilhali E. koli, bakteria wa utumboni, ana kama milioni 4.6.

Kinachonivutia zaidi ni utando wa seli. Viumbe wengi huujenga kwa mafuta yenye fosforasi. Huyu hutumia zaidi mafuta yenye salfa, na salfa baharini imejaa tele! Fosforasi kidogo anayoipata inabaki kwa ajili ya DNA.

Ziwani kwetu wapo ndugu zake, jamii ya Synechococcus, wadogo vilevile. Huliwa na vijidudu, navyo huliwa na vikubwa zaidi, mpaka tunafika kwa dagaa. Kiangazi, pepo za kusini zikivuma, maji ya chini hupanda na rutuba yake, hasa upande wa Zambia.