Nyumba ya Kiamunyi: bei ni ya mtaa au ya mwenyewe?

SWALI: Mimi na mke wangu tumepata nyumba yetu ya kwanza kununua, Kiamunyi hapa Nakuru. Ina vyumba 3 vya kulala, mita mraba 120, ploti ya futi 50 kwa 100, na umri wa miaka 8. Mwenyewe anataka milioni 9.5. Broka anasema nyingine za hapo zimetangazwa milioni 10. Au tunapunjwa?

JIBU: Bei ya tangazo ni ombi tu. Ulizeni zilizouzwa mwaka huu kwenye barabara hiyo hiyo, hata 3 zinatosha. Mawakili na wathamini huzijua. Walinzi wa magetini pia, tena kuliko broka.

Kisha igaweni bei. Tuseme ploti tupu jirani iliuzwa milioni 2.2, na fundi wa hapo anajenga kwa 45,000 kila mita mraba. Jengo jipya ni milioni 5.4, jumla 7.6, na uchakavu wa miaka 8 bado haujatolewa. Hiyo milioni 1.9 iliyozidi ni ya nini? Ukuta, geti, kabro (matofali ya kutandaza uani) na tangi vipigiwe hesabu kimoja kimoja. Mara nyingi jibu ni dari ya jipsamu na graniti ya jikoni. Muuzaji aligharamika kweli, lakini majirani wakiwa na mabati na saruji tupu, atakayenunua kwenu kesho hatawarudishia.

Kodi nayo husema. Nyumba kama hiyo ikipangishwa 30,000 kwa mwezi, mwaka ni 360,000, chini ya asilimia 4 ya bei. Tuseme ya jirani iliuzwa milioni 7.5: kwa kodi iyo hiyo inafika asilimia 4.8, yaani yenu ni ghali kwa kile inachoingiza.

Fungueni bomba. Kama maji ni ya kisima cha kuchimbwa, yapimwe floridi, ambayo Nakuru ni nyingi na huharibu rangi ya meno ya watoto. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, gharama ya kichujio au ya maji ya kununua itolewe kwenye bei.

Mthamini aliyesajiliwa aje kabla hamjalipa ile asilimia 10 ya bei inayotangulizwa wakati wa kusaini mkataba. Akisema milioni 8, benki inayokopesha asilimia 90 itatoa 7.2, na pengo hadi 9.5 ni lenu, pamoja na ushuru wa stempu, ambao mnunuzi huilipa serikali ili umiliki uhamishwe: asilimia 4 mjini, yaani 380,000 kwa bei hiyo.